Baba fundi wa kuchomelea anakwenda kupimwa MRI ya kiuno

Ndugu, umeuliza kama mzee wako, fundi wa kuchomelea hapo Igogo, afunge kula kabla ya MRI ya kiuno (kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa), na kama chuma alichowekewa mguuni ni tatizo. Kwa kiuno hakuna haja ya kufunga, labda wamwambie atapewa dawa ya usingizi. Dawa zake za kila siku anywe kama kawaida.

Chuma cha mguuni mara nyingi hakizuii kipimo, ila lazima kitajwe. Njoo na barua ya upasuaji. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni macho. Fundi wa kuchomelea na kusaga vyuma anaweza kubaki na chembe ndani ya jicho bila kujua, na sumaku ikiisogeza inaweza kumpofusha. Amwambie mtaalamu mapema; akiwahi kuumia jicho, apigwe eksirei ya macho kwanza. Kama ana betri ya moyo, asiingie kabisa mpaka aina yake ithibitishwe.

Sumaku haizimwi, hata kama hakuna anayepimwa. Simu, sarafu, saa, mkanda, hirizi yenye chuma, vyote vibaki nje, hata kwako unayemsindikiza. Ndani asikutanishe viganja wala kuvuka miguu: ngozi ikigusana inaweza kuungua. Aombe vizibo vya masikio, maana kelele ni kubwa, na alale bila kutikisika dakika 20 hadi 45.

Akichomwa dawa ya kung'arisha picha na ana figo mbovu, apime kwanza kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi.