Mafuta ya mdalasini na karafuu kwa mgonjwa wa sukari: mama asiyanywe

Mdogo wangu, umeuliza kama mama yako, ambaye yuko kwenye vidonge vya sukari, metformin na glibenclamide, anaweza kudondosha mafuta ya mdalasini na ya karafuu chini ya ulimi asubuhi na jioni, kwa kuwa aliyemuuzia amemwambia sukari itakaa sawa na vidonge ataviacha. Kunywa, hapana. Kuacha vidonge ndiyo hapana kabisa. Kunusa na kuchua kuna nafasi yake, nitafika huko.

Mimi nina sukari ya ukubwani, na riziki yangu ni sabuni na mafuta ya kuchulia hapa Unguja. Chupa hizi nashinda nazo, wala siyachukii mafuta haya. Yangekuwa dawa ya sukari kweli, mimi ningekuwa wa kwanza kuyauza hivyo.

Watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna mdalasini wa unga tunaotia kwenye chai na uji. Kuna mafuta ya kukamuliwa kama ya habbat soda, ambayo watu hunywa kwa kijiko. Halafu kuna haya ya matone, yanayotokana na mvuke: magome ya mdalasini, au makonyo ya karafuu kama wanavyofanya Pemba, yanapigwa moto kwa maji na mvuke wake unapozwa. Kilo nzima ya magome hutoa takriban mililita 10 hadi 20 tu za mafuta. Kwa hiyo kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo ni robo kilo ya magome au zaidi. Nani anakula mdalasini robo kilo?

Na ule utafiti wa Pakistan wa 2003 kuhusu mdalasini na sukari, ambao wauzaji wanaupenda, wagonjwa walipewa unga, gramu 1, 3 au 6 kwa siku. Mafuta hawakupewa. Tafiti za unga zilizofuata nazo hazikukubaliana, nyingine ziliona sukari ikishuka, nyingine hazikuona kitu.

Fanyeni hivi nyumbani: mdondoshe tone la mafuta safi ya karafuu kwenye glasi ya maji mtazame. Yanazama, kwani ni mazito kuliko maji, na yanakaa chini kama shanga. Ukimtilia mama kwenye chai, chai ataimaliza salama, kisha funda la mwisho ni mafuta matupu kooni. Kile kibomba cha kudondoshea chenye mpira juu, ukikiacha ndani ya chupa, baada ya muda mpira unalainika na kunata vidoleni. Nimetupa vingi. Mpira wenyewe unashindwa, sembuse utumbo.

Karafuu ina eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake. Hiyo hupunguza damu kuganda, kwa hiyo kama mama anatumia aspirini au warfarin, dawa ambazo nazo hupunguza damu kuganda, ni hatari juu ya hatari. Ikizidi, inaumiza ini. Kuna ripoti ya madaktari wa Uingereza ya 1993 ya mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya karafuu yasiyozidi mililita 10: alipoteza fahamu, ini likaumia, na sukari ikashuka. Alipona, lakini kwa shida. Muuzaji akisikia hapo atasema "unaona, inashusha!" Ndiyo, sumu nayo hushusha.

Sasa miguu, na hapa ndipo naomba unisikilize zaidi. Karafuu hutia ganzi, ndiyo maana tunaiweka kwenye jino. Mgonjwa wa sukari wa miaka mingi mara nyingi miguu yake ina ganzi tayari. Mtu mzima wa kawaida akipakwa mafuta makali atapiga kelele na kwenda kunawa, mwenzangu na mie hasikii. Alinijia mzee mmoja aliyepaka mafuta ya karafuu bila kuyachanganya, akavaa soksi, akalala. Asubuhi soksi imegandana na ngozi, chini yake lengelenge limepasuka. Maumivu? Hakuna. Nilimwambia aende kliniki siku ileile, na kidonda kilichukua muda mrefu kufunga.

Kwa kuchua, mimi natumia mafuta ya lavenda: tone moja kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, nachua vifundo na mashavu ya miguu usiku. Karafuu nikiitumia ni tone moja kwa vijiko viwili, tena mabegani, miguuni siweki. Mafuta ya magome ya mdalasini sipaki popote, hata nikiyachanganya. Katikati ya vidole vya miguu hapapakwi kitu, unyevu hapo unaleta fangasi. Penye mchubuko vilevile. Nikitaka harufu chumbani, matone machache kwenye bakuli la maji ya moto, dirisha wazi, na nyumba yenye mtu wa pumu siwashauri. Nalala vizuri, na mtu aliyelala vizuri hahangaiki sana na sukari yake. Zaidi ya hapo mashine ya kupimia sukari haijawahi kunionyesha kwamba harufu imeshusha chochote. Halafu mama anawe mikono kwa sabuni kabla ya kujichoma kidole, kwani mafuta kidoleni huharibu kipimo.

Glibenclamide peke yake inaweza kushusha sukari kupita kiasi, khasa mama akiruka chakula. Akitoka jasho, akitetemeka au akianza kuongea ovyo, mpimeni. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L na anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, mpimeni tena baada ya dakika 15.

Na kama ameshayanywa, msimtapishe, yanaweza kuingia mapafuni. Pimeni sukari, mpelekeni hospitali, na chupa yenyewe muibebe daktari aione.