Kwikwi ya baba, na saa niliyoshindwa kuitaja

Juzi usiku dada mmoja wa Mafinga kaniandikia: "Kaka, mume wangu ana kwikwi tangu jana asubuhi. Maji kanywa, sukari kalamba, tumemshtua, wapi. Ni kawaida?" Nilimjibu, kisha usingizi ukakataa. Miaka miwili iliyopita mgonjwa alikuwa baba yangu.

Mzee ni mkulima wa Rungwe, migomba na chai, ana presha ya siku nyingi. Alikuja kwangu Uyole mwezi wa saba, baridi imekaza. Jumatatu jioni, yuko kwenye ndizi, kwikwi ikamshika. Tukacheka. Mama akamtania, "Nani anakusema huko kijijini?"

Jumanne hakuna aliyecheka. Alikuwa anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, anangoja kwikwi ipite, halafu anawahi funda moja kabla haijarudi. Mara nyingi ilimuwahi yeye, chai ikamwagika kifuani. Usiku nikamsikia ng'ambo ya ukuta. Nikahesabu: kumi na nne kwa dakika moja.

Kaka yangu akasema kwenye simu, "Huyo kanywa komoni." Baba hajagusa pombe tangu aokoke. Neno lile linaniuma mpaka leo, na limeniuma zaidi kwa sababu mimi nami sikuwa bora. Jumatano nilikuwa na mzigo wa viazi unashuka sokoni Mwanjelwa. Wewe unayepambana na biashara unajua, gari likifika hulikimbii. Nikampitisha duka la dawa, wakampa vidonge vya tumbo, nikaenda kwenye magunia.

Alhamisi ndipo tukafika hospitali. Daktari akauliza, "Imeanza lini?" Nikasema juzi. Mama akasema Jumatatu. Asubuhi au jioni? Tukatazamana. Baba mwenyewe kila akifungua mdomo neno linakatika.

Daktari akatueleza vizuri. Kwikwi ni kiwambo, ule msuli kati ya kifua na tumbo, kinajikaza chenyewe, na koo linajifunga ghafla. Shibe, soda, pombe, hivyo huleta kwikwi ya dakika chache. Ikipita saa 48, wanatafuta kilicho nyuma yake: kiungulia kikali, nimonia, sukari, figo, hata kiharusi. Wakachukua damu. Figo zilikuwa zimechoka.

"Anatumia dawa gani?" Mama akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi ya diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, imebaki na vidonge viwili. Kwa ajili ya mgongo. Miaka yote ile, kila akitoka shambani, na presha juu. Hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza anameza nini.

Alilazwa siku tisa. Kwikwi ilikata siku ya pili kwa dawa ya daktari, ambayo inaweza kushusha presha, ndiyo maana walimpima kila mara. Usiitafute dukani kwa kuelekezwa na jirani.

Ndugu zangu, shikeni saa. Kwikwi ikianza, andika saa. Kushikilia pumzi, maji baridi kidogo kidogo, jaribu, hayana ubaya. Zikifika siku mbili, nenda, na dawa zote za mgonjwa zibebe kwenye mfuko. Kama mgonjwa hawezi kula wala kulala, usingoje hizo siku mbili. Na ikija pamoja na mdomo kupinda, maneno kuvurugika, mkono kulegea, kizunguzungu kikali, kifua kuuma au kutapika damu, ondoka dakika hiyo hiyo. Viazi vitaoza, vioze. Msinitajie yule Charles Osborne wa Marekani aliyekuwa na kwikwi tangu 1922 hadi 1990. Baba yako siye yeye.

Mzee yupo, anakwenda kliniki, diklofenaki hagusi. Kaka yangu hajawahi kuomba radhi.

Yule dada kanitumia picha leo asubuhi. Wako kwenye foleni. Kiganjani kwake ameandika kwa kalamu: Jumapili, saa mbili na nusu asubuhi.