Hiyo sarafu ya Kirumi ni kupatwa kwa jua?

SWALI: Nimeona picha ya dinari ya Roma, upande mmoja kichwa cha jua chenye miale, wa pili mwezi mchanga na nyota saba. Si kupatwa kwa jua hiyo?

JIBU: Hapana bana. Hiyo ni ya Lucius Lucretius Trio, ofisa wa Roma aliyesimamia utengenezaji wa sarafu, mwaka 76 KK, na zile nyota saba ni jina lake tu, maana Warumi nyota saba za kaskazini waliziita Triones, yaani jamaa kajitangaza kwenye hela ya serikali! Ukitaka siasa angalia sarafu aliyoanzisha Kaizari Caracalla wa Roma mwaka 215 BK, yeye kavaa taji la miale kama jua, mamake Julia Domna kakalishwa juu ya mwezi mchanga. Kupatwa hamna hapo pia.