Trekta dogo kwa mkopo: hesabu ekari kabla ya kusaini

SWALI: Nalima mpunga ekari 12, na majirani wananiomba niwalimie. Muuzaji ananipa trekta la HP 30 (nguvu ya farasi 30) linalovuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na rotaveta (mashine ya visu vinavyozunguka kukatakata udongo), kwa shilingi milioni 30. Nina milioni 6. Hizo 24 nitakopeshwa kwa miaka 3, riba asilimia 18 kwa mwaka, marejesho kila mwezi. Huku kulima ekari kwa rotaveta ni 80,000. Nichukue?
Msomaji, Mbarali

JIBU: Ndugu msomaji, trekta umechagua vizuri. Mkopo bado. Muulize ofisa mikopo: hiyo asilimia 18 inapigwa kwenye deni zima la mwanzo mpaka mwisho, au kwenye deni linalobaki? Ikiwa ni deni zima, utalipa 1,026,700 kwa mwezi, jumla karibu milioni 37. Ikiwa ni deni linalobaki, ni kama 867,700 kwa mwezi, jumla milioni 31.2. Asilimia ni ileile, ila tofauti ni zaidi ya milioni 5 na nusu. Dai jedwali la marejesho lililoandikwa, na ada za mkopo na bima ziwemo.

Sasa twende shambani. Rotaveta ya futi 4 kwenye udongo mzito inamaliza ekari kwa saa moja na nusu hivi, yaani ekari 5 kwa siku. Kila ekari inakunywa lita 8 au 9 za dizeli. Kwa 3,000 kwa lita ni kama 25,000. Toa dereva 8,000, oili, visu na matengenezo 10,000, unabaki na 37,000. Marejesho ya mwaka kwa ule mkopo nafuu ni milioni 10.4, kwa hiyo unahitaji ekari 280 za watu, siku 56 bila mvua kukuzuia wala trekta kuharibika. Ekari zako 12 hazitalipa deni hilo. Ukiwa na uhakika wa ekari 150 tu, ongeza kianzio kwanza, au nunueni wawili watatu kwa mkataba ulioandikwa.

Marejesho ya kila mwezi pia hayamfai mtu wa mpunga. Omba yafuate msimu: sehemu baada ya kulima, kubwa baada ya mavuno. Wanaoshindwa kulipa mikopo ya trekta wengi hukwama miezi ile ambayo jembe limepumzika.

Muuzaji akikuongezea rotaveta ya futi 5 kama ofa, kataa. Injini ya HP 30 hufikisha kama HP 25 kwenye shafti ya PTO (ile inayozungusha rotaveta), na kwenye tope itazidiwa. Kila jioni kata majani yaliyojisokota pembeni mwa rotaveta: yanakula sili (mpira unaozuia tope na oili), tope linaingia, beringi inakwisha. Na ile bolti laini ya shafti ikikatika, weka laini nyingine. Ukiweka ngumu, kitakachokatika ni giaboksi.

SWALI: Nimepata trekta dogo lililotumika kutoka Japani kwa nusu bei. Vipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mita ya saa ambazo trekta limefanya kazi usiitegemee peke yake; tazama pedali zilivyolika. Fika injini ikiwa baridi, iwashwe mbele yako. Ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili: ikipuliza moshi kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Nyanyua rotaveta, zima, ngoja dakika 10. Ikishuka hadi chini, haidroliki inavuja. Kisha nakili namba ya modeli na ya injini, uende madukani kuulizia filta, sahani ya klachi na sili. Modeli nyingi zilitengenezwa kwa soko la Japani tu. Vipuri vikikosekana Morogoro na Dar es Salaam, liache.