Unga mweupe kwenye zabibu za divai: je, mrututu utasaidia?

SWALI: Familia yetu ina robo ekari ya mizabibu huko Bahati, Kaunti ya Nakuru, na tunakusudia kutengeneza divai kwa kufuata kilimo hai. Tangu mvua za Novemba, vichala vimevaa unga mweupe, na punje nyingine zinapasuka zikiwa bado mbichi. Jirani anatushauri tupige mrututu (dawa ya shaba). Je, ni sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kununua dawa yoyote, chuma jani lenye unga, lifute kwa kidole gumba, kisha uligeuze. Ikiwa unga umetapakaa juu na chini ya jani, na ukifutwa unatoka, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Ubwiri vinyoya, ugonjwa mwingine ambao Wafaransa waliutafutia tiba ya mrututu na chokaa katika miaka ya 1880, huonyesha madoa ya manjano yenye mng'ao wa mafuta juu ya jani, na utando mweupe chini yake tu.

Punje zenu kupasuka kunanifanya niamini kwamba ni ubwiri unga. Kuvu hii huharibu ngozi ya punje changa ikakakamaa, hivyo nyama ya ndani ikizidi kukua, ngozi hushindwa kutanuka na kupasuka. Mrututu una nguvu ndogo dhidi yake, na shaba iliyomo haiozi bali hulimbikizana udongoni. Ndiyo maana kanuni za kilimo hai za Umoja wa Ulaya zimeiwekea kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7.

Dawa inayowafaa ni salfa ya kuchanganya na maji, ambayo inakubalika katika kilimo hai. Punje huwa hatarini zaidi kuanzia kabla kidogo ya maua kuchanua hadi wiki tatu au nne baadaye, kisha ngozi yake hujipatia kinga. Katika kipindi hicho pigeni kila baada ya siku 7 hadi 10, wakati wa ubaridi, kwa kuwa joto likipita nyuzi 30 salfa huweza kuunguza majani. Acheni walau wiki tano kabla ya mavuno, kwa sababu hamira inayochachusha divai huigeuza salfa iliyobaki kuwa gesi inayonuka kama yai bovu, na divai yote ikaharibika. Wenye ng'ombe wanaweza kujaribu maziwa, lita moja kwa lita tisa za maji, yakipigwa siku ya jua. Majaribio ya Australia yalionyesha kwamba yanazuia ugonjwa, ingawa mimi huitegemea salfa zaidi.

Hata hivyo, silaha kubwa zaidi mliyo nayo ni mkasi. Mzabibu wa Ulaya hulazwa na baridi, lakini wetu, karibu na ikweta, huchipua upya pale unapopogolewa, kwa hiyo ninyi ndio mnaochagua msimu. Pogoeni mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba, ili vichala viive katika ukavu wa Januari na Februari, na wekeni kumbukumbu ya tarehe kila mwaka mrekebishe kulingana na shamba lenu. Punje zikishafunga, ondoeni majani yanayozunguka vichala upande wa jua la asubuhi, upepo upite.

Vichala vilivyokwisha kupasuka kateni sasa mvitoe shambani, wala msivichanganye na vizuri wakati wa kukamua, kwani hata sehemu ndogo yake huipa divai ladha ya ukungu.