Usiulize Elementi Gani, Uliza Itakaa Wapi

Tangu niseme kwamba makala yangu kuhusu silikoni ndani ya mchanganyiko wa samari (mojawapo ya metali adimu) na chuma imekubaliwa na jarida, simu haipoi. Ahsanteni kwa pongezi. Kijana mmoja wa Kisauni, anayemaliza digrii ya fizikia, ameuliza: "Dada, nipachike elementi gani ili sumaku iwe kali?" Namjibu hapa hapa, maana najua mko wengi mnaotaka kufika huko.

Usianze na elementi. Anza na nafasi.

Chukua Sm2Fe17. Atomi 17 za chuma kwa 2 za samari. Ungetarajia sumaku ya kutisha. Wapi! Ikifika takriban nyuzi 116 za Selsiasi, juu kidogo tu ya maji yanayochemka, usumaku wake umekwisha. Kiwango hicho ndicho huitwa halijoto ya Curie. Tatizo liko kwenye jozi za atomi za chuma zilizobanana mno, umbali wa kama angstromu 2.4 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Zikikaribiana hivyo, usumaku wa moja hutaka kuelekea kinyume na wa mwenzake. Mwaka 1990, Coey na Sun kule Dublin waliingiza nitrojeni. Haikumng'oa mtu, ilijipenyeza kwenye mianya kama abiria wa mwisho ndani ya matatu, na fuwele, yaani mpangilio wa atomi zote, ikatanuka kwa karibu asilimia 6. Halijoto ya Curie ikaruka hadi karibu nyuzi 476, na usumaku uliokuwa umelala kwenye bapa la fuwele ukasimama kwenye mhimili wake. Bila huko kusimama, hupati sumaku ya kudumu.

Mwenye pupa atasema basi siri ni kutanua. Alumini inamuunga mkono: ikichukua nafasi ya chuma, fuwele hutanuka na halijoto ya Curie hupanda. Lakini silikoni inamkatalia. Ni ndogo, fuwele husinyaa, yenyewe haina usumaku wowote, na bado halijoto hupanda! Maana kinachobadilika si ukubwa peke yake. Mpango wa elektroni nao hubadilika, na silikoni haikai popote tu; huchagua baadhi ya nafasi za chuma na kuziacha nyingine. Gharama ipo: kila chuma kinachotolewa kinapunguza nguvu ya jumla.

Niliyaeleza haya mbele ya jopo moja la ufadhili. Bwana mmoja akauliza kama watu wa Mombasa tunahitaji sumaku au samaki. Wakacheka wote. Bwana yule, kama unasoma, makala inatoka. Na kwa taarifa yako, kilima cha Mrima kule Kwale, ukishavuka feri ya Likoni, kina metali adimu za ukoo huu huu wa samari chini ya msitu wa kaya.

Miezi ya tanuri na vibali vya kusafirisha sampuli sitawachosha nayo. Shikeni mawili. Samari hutoroka kama mvuke ukiiyeyusha, kwa hiyo weka ziada kidogo. La pili, piga eksirei kabla ya kupima usumaku. Ikiwa kuna chuma tupu kilichobaki bila kuungana, hicho hakiachi usumaku wake hadi nyuzi 770, nawe utashangilia kitu ambacho si chako.

Yaani tunarudi pale pale: nafasi kwanza. Hata sumaku maarufu ya Nd2Fe14B, yaani ya neodimi, chuma na boroni, iliyotangazwa miaka ya 1980 na Sagawa kule Japani na Croat kule Marekani, inafuata sheria hiyo. Disprosi, metali adimu nyingine, ikikaa mahali pa neodimi, sumaku hustahimili joto vizuri zaidi, lakini usumaku wa disprosi huelekea kinyume na wa chuma, kwa hiyo nguvu ya jumla hushuka.

Vijana wetu mna haraka, na haraka hiyo ndiyo inayowafanya mbadilishe vitu viwili kwa mpigo. Acheni. Badilisha kimoja, kidogo kidogo, piga eksirei, pima, andika. Ukitia kobalti na alumini pamoja, halijoto ikapanda, utampongeza nani?