Karavani ya aluminiyumu: tununue polisezi gani?

SWALI: Papa fundi, jambo. Mimi na bwana wangu tulinunua karavani ya zamani ya aluminiyumu. Ilitoka Afrika Kusini, ikaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Urefu wake ni metre sita hivi, ina umbo la yai na ribiti (misumari ya kushikilia bati) kila mahali. Tunataka kuiegesha hapa Kampemba, Lubumbashi, tuuzie ndani bukari (ugali) na samaki. Lakini imefifia, imekuwa kijivu kama sufuria iliyosahauliwa nje. Shemeji yangu ana melezi ndogo ya kukatia chuma, anasema tubadilishe tu sahani, itang'arisha. Muuzaji mmoja wa mjini ana polisezi, yaani mashine ya kung'arisha, kubwa ya kuzunguka, ya volti 220. Na ndugu yetu aliye Marekani anataka kututumia ile yenye vichwa viwili, ila ni ya volti 110. Pesa yetu ni ya mashine moja tu. Tuchukue ipi?

JIBU: Mama, jambo sana, na asante kwa picha. Nunua ile polisezi ya mjini, kama itapita majaribio nitakayokuandikia hapa. Ile ya vichwa viwili mpokee ndugu yako kwa mikono miwili, ila itafanya kazi ya pili, si ya kwanza. Melezi ya shemeji, nakuomba sana, isiguse karavani hata dakika moja.

Nianze na hiyo melezi, kwa sababu iko karibu katika kila nyumba ya fundi na inaharibu vitu vingi. Melezi ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukiifunga sahani ya milimita 125, ukingo wa sahani unakimbia karibu kilomita 260 kwa saa. Polisezi yenye sahani ya milimita 180, ukiiweka kwenye mizunguko 1,500, ukingo wake unakwenda kama kilomita 50 kwa saa. Tofauti yote iko hapo. Bati la karavani za namna hii lina unene wa kama milimita 0.8. Likipashwa moto mahali pamoja linatanuka, lakini ribiti zimelishika pande zote, halina pa kwenda. Basi linavimba.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifanya hivyo kwenye sanduku la aluminiyumu la mteja. Nilifunga sahani ya sufu kwenye melezi, nikabonyeza kwenye doa lililokuwa linakataa kutoka. Nikasikia sauti ndogo, tok, kama kifuniko cha kopo. Nilipofuta, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa kiganja. Ukiusukuma na kidole unaingia, ukiachilia unatoka. Niligonga, nikalainisha, nikapoza na maji, haukurudi. Nililipa bati jipya. Uvimbe ule bado uko kwenye vidole vyangu.

Shemeji atasema vijana wa gari kubwa wanang'arisha matanki ya mazuti (dizeli) kwa mashine za kasi na yanatoka kama kioo. Ni kweli, na wanajua kazi yao. Lakini tanki la lori lina unene wa milimita kadhaa, moto unapotea ndani yake. Ngozi ya karavani si tanki.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwa macho. Kwa picha, karavani yako inafanana na Airstream za Marekani, na nyingi za zamani zilijengwa kwa bati la ndege linaloitwa Alclad. Moyo wa bati hilo ni aluminiyumu iliyochanganywa na shaba, kama asilimia 4. Sisi wa Lubumbashi tunaijua shaba, ndiyo iliyojenga mji huu. Ndani ya aluminiyumu inaleta nguvu, lakini inaleta pia kutu. Kwa hiyo kiwandani wanabandika kila upande tabaka la aluminiyumu safi, na kwa bati jembamba kila tabaka ni kama asilimia 5 ya unene wote. Piga hesabu kwa bati la milimita 0.8: unapata milimita 0.04, kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Tabaka hilo ndilo linalong'aa na ndilo linalolinda. Ukilimaliza, umefika kwenye moyo wenye shaba, na kila masika karavani italiwa na kutoka vidoto vyeusi. Kwa hiyo hata msasa weka mbali. Mikwaruzo mikubwa iache. Mteja anayenunua samaki hataiona, na wewe utabaki na bati.

(Karavani hizi si wageni kabisa huku. Mwaka 1959 Wally Byam, aliyeanzisha Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town mpaka Cairo, na njia yao ilipita katika Kongo ya Wabelgiji. Kila ninapoona moja ya zamani, nawaza zile zilizofika huku kwa matairi yao wenyewe.)

Sasa tuje kwenye duka. Muuzaji atakuonyesha wati, maana wati zinauza. Wewe tazama kwanza mizunguko. Unataka mashine inayoanza kwenye 600 au 700 kwa dakika na kupanda mpaka 3,000, yenye kirungu cha kuchagua kasi. Kazi yako kubwa utaifanya kati ya 1,200 na 2,000. Kama karatasi ya mashine inasema kasi moja tu, iache hata kama bei inakupendeza. Wati 1,200 mpaka 1,400 zinatosha, lakini ziwe za kweli: inue kwa mkono mmoja. Polisezi ya namna hiyo ina kilo mbili na nusu au tatu. Ikiwa nyepesi kama birika tupu ya chai na bado imeandikwa 2,000, karatasi inadanganya.

Mwambie aichomeke. Iweke kasi ya chini kabisa, bonyeza. Inatakiwa ianze polepole na kupanda, isiruke mkononi, kwa sababu ikiruka itakurushia dawa yote ya kung'arisha usoni na kwenye dirisha. Kisha iwe na pedi (sahani laini ya kung'arishia), igusishe kidogo juu ya kipande cha mbao, sukuma. Mashine nzuri inashusha sauti nusu pumzi halafu inarudi pale pale. Ndani kuna umeme mdogo unaolinda kasi. Mbaya inalia na kuzama. Zima, chomoa, shika mhimili uutikise kushoto na kulia: ukicheza, beringi imechoka au haijawahi kuwa nzuri. Uliza kama uzi wa mhimili ni M14, maana ndio wa pedi nyingi zinazouzwa kwetu. Mashine nyingi za Marekani zina uzi mwingine na pedi hazitaingia. Mwisho, akupe makaa mawili ya akiba, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota. Makaa ni kitu kidogo, lakini yakiisha katikati ya ukuta wa pili utayatafuta mji mzima.

Kuhusu volti 110 ya ndugu yako: usiogope hezi 60 za umeme wa Marekani. Mota za mashine hizi zina makaa, hazijali kama ni 50 au 60. Zinachojali ni volti. Ukiichomeka 110 kwenye 220 itavuta moshi kabla hujafika hata kwenye ribiti ya kwanza. Utahitaji transfoma ya kushusha, na usichukue ndogo ya redio. Kwa mashine ya wati 1,200 mimi natafuta transfoma ya VA 2,000, yenye waya nzito na harufu isiyokuwa ya kuungua baada ya saa moja.

Hata ya 220 itasumbuliwa na umeme wetu. Jioni, majirani wote wakipika, volti inashuka na mota inafanya kazi kwa shida, inapata moto, makaa yanalika. Shika kiganja juu ya mwili wa mashine kila baada ya muda; usipoweza kuuvumilia, simamisha, iache izunguke tupu dakika mbili kwenye kasi ya wastani ipumue. Kama delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) inakurudisha kwenye grupu (jenereta), isiwe chini ya kVA 2.5 na isibebe friji wakati huo huo. Ralonji (waya wa kurefusha umeme) iwe ya waya wa milimita 2.5 za mraba, na uifungue yote chini, usiiache imejikunja kwenye kibiringi.

Basi hiyo ya vichwa viwili ni ya nini? Vichwa vyake vidogo vinazunguka na pia vinayumba, kila kimoja kinafuta njia ya mwenzake. Haikati sana, yaani haiondoi haraka tabaka lililofifia. Kazi yake ni kuondoa zile pete ambazo polisezi kubwa inaacha, ambazo jua la saa nne likipiga ukuta unaziona kama utando wa buibui. Mafundi wa ndege na wa karavani wanaipenda kwa hilo. Lakini ukianza nayo peke yake kwenye bati lililofifia miaka, utasukuma mpaka mabega yakatae na ukijivu utabaki. Nunua polisezi ya kukata ukijivu sasa. Ya kumalizia inaweza kuja na meli. Isipokuja, mashine ya kuyumba inayotumiwa kwa rangi ya magari, yenye mwendo wa milimita 15, inafika karibu sana nayo ukiifunga kitambaa cha pamba.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili. Weka dawa ya kung'arisha chuma kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua mahali pa kujificha, nyuma chini. Kitambaa kikiwa cheusi kwa haraka, unagusa aluminiyumu yenyewe, songa mbele. Kikibaki cheupe, kuna verni (rangi angavu ya kinga) juu, au bati limeshughulikiwa kiwandani kwa namna nyingine. Verni lazima itolewe kwanza kwa dawa ya kutolea rangi ambayo kopo lake linaruhusu aluminiyumu. Soda kali na asidi ya kusafishia simenti, hapana kabisa. Vinakula bati unapotazama.

Kwa kukata, tumia pedi ya sufu ya nyuzi zilizosokotwa. Sponji za rangi ya gari zinapasuka kwenye kazi hii. Kwa kumalizia, pamba laini, hata fulana nzito ya zamani iliyofuliwa bila vifungo. Pedi moja kwa dawa moja. Usipeleke pedi ya dawa kali kwenye dawa laini. Na kwetu, kuanzia mwezi wa tano vumbi jekundu liko hewani: osha karavani kila asubuhi kabla ya kuanza, na ukipumzika weka pedi kwenye mfuko wa plastiki. Chembe moja ya udongo ndani ya sufu itaandika duara ukuta mzima.

Dawa weka kidogo, vidoto vitano sita vya ncha ya kidole kwenye eneo la nusu metre kwa nusu metre. Isambaze kwenye mizunguko 800, kisha panda 1,500. Utaona kwanza tope jeusi linatanda. Usishtuke, ni aluminiyumu inayotoka pamoja na dawa. Endelea kwa uzito wa mashine tu, pedi ikiwa imelala karibu sawa na bati. Baada ya mapito kadhaa tope linakuwa jembamba, linajivuta nyuma ya pedi kama pazia, na chini yake unaona mti wa jirani ukiwa na majani. Hapo simama. Ukizidisha, dawa inakauka na kurudisha mikwaruzo. Ukingoni mwa bati, hakikisha upande wa pedi unaogusa unazunguka kuelekea nje ya ukingo, usizunguke kuuingia, la sivyo itashika na kukurushia mkono.

Weusi unaobaki kuzunguka ribiti nyunyizia unga wa ngano, ufute kwa kitambaa kikavu. Unga wa bukari hautafaa, chembe zake ni kubwa. Vaa miwani na kinyago, na usiache watoto kucheza karibu na vumbi lile.

Kwa metre sita na mashine moja, hesabu majuma, si siku. Fanya asubuhi, bati likiwa baridi, kivulini kama unaweza. Anzia ubao wa nyuma wa chini, ule ambao wateja hawatasimama mbele yake, na ukiumaliza wote nitumie picha iliyopigwa jua likiwa pembeni, nione pete zako kabla hujagusa ubavu wa mbele.